Pumzi ya Milembe, wivu wa Joyceline

Bariadi. Saa moja kasoro robo asubuhi, Joyceline Wilbroad ameegemea ukuta wa korido nje ya chumba cha kujifungulia, macho ameyafumba, mkono mmoja juu ya tumbo lake la miezi saba. Anavuta hewa kwa pua taratibu, akihesabu kimoyomoyo mpaka nne. Anaitoa kwa mdomo mpaka sita. Anarudia, kisha anarudia tena.

Anayepita hapo atasema maskini, mjamzito kachoka na zamu haijaanza. Mwandishi wa makala haya naye alidhani hivyohivyo, akamuuliza kama mtoto anamsumbua.

"Mtoto hana neno," anajibu bila kufumbua macho. "Huu ni wivu. Naungoja ushuke ndipo niingie."

Nyuma ya mlango kuna mzazi mwenye uchungu, lakini halii. Anapumua kwa nguvu na kwa utulivu, pumzi ndefu inayosikika mpaka nje, na pembeni yake sauti ya mwanamke mwingine inamsemesha Kisukuma. Mkunga mwenye cheti na zamu ni Joyceline. Sauti ile ni ya Milembe Bujiku, mfagiaji.

Wivu wa mwanamke kwa mwanamke tumezoea kuuona ukiwa na mwanamume katikati. Huu hauna mwanamume. Mumewe Joyceline, Januarius, anafundisha shule ya sekondari Lamadi, huja Ijumaa na kuondoka Jumapili, na Milembe hajawahi hata kumsogezea kiti. Katikati ya wanawake hawa wawili kuna pumzi tu.

Kituo hiki cha afya kiko nje kidogo ya mji wa Bariadi, na wenyewe wameomba jina lake lisiandikwe. Kina wakunga watatu. Mwezi uliopita wanawake 114 walijifungua hapa, wengine wakiwa wametembea kutoka vijijini na ndoo yao ya maji kichwani kwa sababu bomba la kituo huwa lina siku zake.

Joyceline ana miaka 39. Amezaliwa Muleba, mkoani Kagera. Alipopangiwa Simiyu miaka tisa iliyopita alishuka stendi na sanduku moja na mkungu mzima wa ndizi mbichi, maana mama yake aliambiwa huku ndizi hazipikwi.

"Nikakuta watu wanakula michembe, viazi vya kukaushwa. Nikasema Yesu wangu, nitakufa njaa," anasimulia. Siku hizi mkoba wake haukosi michembe na karanga.

Ni mchapakazi. Hata wanaomsema pembeni hawalikatai hilo. Na miaka mitatu iliyopita alipelekwa Mwanza kwenye mafunzo ya siku tano ya kuwatuliza wazazi kwa kutumia pumzi. Anaeleza alichofundishwa kama anayesoma sala: mtu akiogopa hupumua juujuu na harakaharaka, mwili unajikaza, na uchungu unazidi. Akipumua taratibu, akijua anachokifanya, moyo unatulia na misuli inalegea.

Alirudi na cheti na picha kubwa ya kubandika ukutani, ya mwanamke aliyefumba macho huku mishale ikimwingia puani.

"Nikajiona mimi ndiye mimi," anasema. "Wilaya nzima ilikuwa haina picha kama ile."

Mzazi wa kwanza kupewa elimu hiyo mpya alitoka Bukundi, wilayani Meatu. Alikuwa amekuja kumsubiri mtoto nyumbani kwa dada yake. Shule hakwenda, na Kiswahili alikuwa nacho cha kununulia chumvi tu. Joyceline akasimama mbele yake, kifua mbele, akamwambia avute pumzi. Mama wa watu akavuta shuka.

Hilo likapita. Saa ya mtoto ilipofika, Joyceline akapaza sauti kama wapazavyo wakunga wote: "Sukuma! Sukuma, mama, sukuma!"

Yule mama akageuza kichwa kuelekea dirishani.

"Kila nikisema sukuma, anageuka. Nikizidisha sauti, anajitahidi kugeuza mwili mzima pale kitandani. Nikajua huyu kachanganyikiwa. Nikawa nafikiria gari la rufaa."

Milembe alikuwa pale chini akipiga deki. Akaanza kucheka mpaka akaliegemea dekio lake.

"Sista," akasema, "huyu hajakosea. Kisukuma, sukuma ni kaskazini. Wewe unamwambia kaskazini, kaskazini. Anakutafutia!"

Kweli, dirisha lile linatazama kaskazini.

Milembe akaweka dekio pembeni, akanawa mikono, akaenda kusimama kichwani pa mzazi. Akamshika mkono, akasema naye maneno mawili matatu. Mama akaanza kushusha pumzi ndefu. Robo saa haikuisha, mtoto akalia.

"Mtoto alitoka, na mimi nikatoka na aibu yangu," anasema Joyceline.

Kabla ya saa sita mchana kituo kizima kilikuwa na habari. Kabla ya jioni alikuwa ameshapata jina, Sista Kaskazini, na jina hilo halijamtoka mpaka leo.

Kicheko angekisamehe. Kilichomkaa rohoni ni kilichofuata. Wazazi wakawa wanafika getini na kabla hata ya kutoa kadi ya kliniki wanauliza kama mayu Milembe yupo. Mayu ni mama, kwa heshima. Wengine walikuwa radhi kukaa kwenye benchi na uchungu wao mpaka Milembe amalize kufagia uwanja. Picha ya mishale waliitumia kutundikia khanga.

Tena likaja suala la majina. Wasukuma humpa mtoto jina la mtu au la tukio lililokuwepo alipozaliwa. Kwa muda wa miaka miwili, wasichana kumi na mmoja waliozaliwa kituoni hapo waliitwa Milembe.

"Joyceline hakuna hata mmoja," anasema. "Hata Joyce. Ningekubali hata Joyce. Mimi ndiye niliyewapokea kwa mikono yangu miwili, mimi ndiye niliyekata vitovu. Yeye alisimama tu kichwani."

Milembe ana miaka 52 na elimu ya darasa la saba. Anafanya kazi kwa kujitolea na hupewa posho ya shilingi 150,000 kwa mwezi, fedha ambayo mshahara wa Joyceline unaizidi zaidi ya mara tano. Joyceline anaijua hesabu hiyo, na haimsaidii.

"Namwonea wivu mtu ambaye akiugua malaria mimi ndiye ninayemnunulia dawa. Unajua ilivyo aibu?"

Wivu haukosi kazi ya kufanya. Joyceline alianza kusimama nyuma ya mlango na daftari dogo, akiandika maneno ya Kisukuma aliyoyasikia kwa Milembe, namna yalivyoingia sikioni. Usiku aliyakariri. Zamu yake ikifika, aliyasema mbele ya wazazi, neno kwa neno. Walimtazama tu, macho makavu, kisha wakaulizia mayu.

Mwezi Machi mwaka jana uvumilivu ulimwishia. Alimwandikia barua mganga mfawidhi wa kituo, Dk. Hemed, kurasa mbili zilizonyooka, akieleza kuwa mhudumu asiye na taaluma kukaa ndani ya chumba cha kujifungulia ni kinyume cha taratibu.

"Kila neno la barua ile lilikuwa kweli," anasema. "Na barua nzima ilikuwa wivu."

Milembe akahamishiwa kwenye kufua mashuka, nyuma ya jengo. Kesho yake walipokutana kwenye korido alimsalimia kama siku zote: "Mwangaluka, sista."

"Angenitukana ningelala," anasema Joyceline. "Ile salamu ilinikosesha usingizi wiki nzima."

Miezi minne ilipita. Wazazi walilia, wakazaa, wakaondoka. Joyceline alikuwa amepata chumba chake peke yake, na anakiri hakukifurahia hata siku moja. Ndipo Julai akaletwa Veronica Sayi, ambaye ameridhia jina lake litumike.

Veronica alikuwa na miaka 19 na mimba yake ya kwanza. Aliletwa kwa bodaboda, katikati ya dereva na mama mkwe wake. Alikuwa anahema kama aliyekimbizwa na fisi. Midomo imekufa ganzi. Vidole vya mikono vimekunjamana, havifunguki. Mama mkwe alipoviona vidole vile akasema huyu katupiwa kitu, hapa si mahali pake, akaanza kumfunga khanga ili amrudishe nyumbani kwa mganga.

Joyceline alijua si uchawi. Ni pumzi. Mtu akihema haraka kwa muda mrefu, vidole hujikunja na ganzi humpanda. Dawa yake haiuzwi dukani, ni kupumua taratibu. Lakini mama mkwe alikuwa ameshamshusha Veronica mguu mmoja kitandani, na mapigo ya moyo wa mtoto tumboni yalikuwa yameanza kupungua. Wakitoka pale, mtoto angeweza kufia barabarani, na pengine mama yake pia.

"Nikawa namwambia taratibu! Pumua taratibu! Taratibu nimesema!" anakumbuka. "Nilikuwa nasema taratibu kwa kupiga kelele."

Veronica akazidi kuhema. Joyceline akatoka.

Kutoka chumba cha kujifungulia mpaka kwenye makaro ya kufulia ni hatua arobaini. Anajua kwa sababu alizihesabu. Anasema kila hatua alikuwa na sababu ya kurudi: kwamba yeye ndiye mkunga, kwamba barua bado iko kwenye faili, kwamba watu watacheka. Milembe alikuwa ameinama, povu mpaka kwenye viwiko.

"Nikamwambia, mayu, njoo. Sikuwa nimewahi kumwita mayu."

Milembe hakumpigisha magoti. Alinawa, akajifuta kwenye gauni, akaja. Ila alipoingia hakwenda kwa mgonjwa. Alimshika Joyceline mabega.

"Sista, wewe kwanza."

"Mgonjwa yuko pale!"

"Mgonjwa anakufuata wewe. Jitazame kifua."

Joyceline akajitazama. Kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka kwa mwendo uleule wa Veronica. Alikuwa na cheti cha kupumua, na hakuwa anapumua.

Wakasimama, mmoja kulia mwa kitanda na mwingine kushoto. Milembe akaanza kuvuta hewa taratibu, kwa sauti. Joyceline akamfuata. Hakuna aliyemwambia Veronica chochote. Mama mkwe naye akaacha kufunga khanga, akisubiri kuona. Mara ya sita au ya saba, Veronica akashusha pumzi yake ya kwanza ndefu, pamoja nao. Baadaye kidole kimoja kikafunguka, kikafuata kingine. Joyceline akaweka kifaa tumboni na kusikiliza. Mapigo yalikuwa yanarudi.

Saa mbili baadaye mtoto wa kike alizaliwa, kilo tatu na gramu mia moja. Mama mkwe ndiye aliyetaja jina.

"Milembe," anasema Joyceline, akicheka kwa uchungu. "Wa kumi na mbili. Nimeokoa mtoto, na bado ni Milembe! Niliandika mwenyewe kwenye rejista, kalamu nusura itoboe karatasi."

Saa nne, Milembe anapata nafasi ya kukaa. Ni mwanamke mrefu, mkimya, mwenye viganja vipana. Anashangaa gazeti linataka nini kwake, kisha anakubali kueleza alikoitoa pumzi ile.

Baba yake alizaa wasichana watupu, na kwao ng'ombe hukamuliwa na wavulana. Kwa hiyo Milembe akafundishwa kazi ya kaka ambaye hakuzaliwa.

"Ng'ombe mwenye hofu anabana maziwa," anasema. "Unaweza kuvuta chuchu mpaka jioni, hatoi. Na ukimwendea umekasirika, anajua. Anasikia pumzi yako kabla ya kusikia mkono. Baba alisema, simama ubavuni mwake, pumua mpaka yeye apumue kama wewe, ndipo umshike. Mzazi naye ni hivyo. Usiandike kwamba nawadharau. Kwetu kumtaja mtu pamoja na ng'ombe si tusi."

Na yale maneno ya Kisukuma anayowaambia?

"Yale ya kupitisha muda tu. Nawauliza nyumbani wana mbuzi wangapi, na wangapi wamezaa."

Joyceline, aliyekuwa anapita na trei ya vifaa, anasimama ghafla.

"Mbuzi?"

"Mbuzi, sista."

"Mwaka mzima nakariri habari za mbuzi!" Anaweka trei chini. "Mayu, nimewauliza wanawake wenye uchungu habari za mbuzi!"

"Waliniambia," anajibu Milembe kwa upole. "Nikaona nisikuaibishe."

Siku moja baada ya Veronica kujifungua, Joyceline aliandika barua ya pili. Dk. Hemed, ambaye amezihifadhi zote mbili, anasema ya kwanza ilikuwa na kurasa mbili na ya pili mistari mitatu, na hiyo ya mistari mitatu ndiyo aliyoielewa vizuri. Milembe alirudishwa ndani kwa masharti: asimame kichwani, ashike mkono tu, kazi nyingine zote abaki nazo mkunga.

Msomaji anayetegemea kusikia kwamba tangu hapo wivu uliisha na wawili hawa wakawa chanda na pete, avumilie. Mganga hajigangi. Joyceline bado ana wivu, na anausema wazi kama mwingine anavyosema ana shinikizo la damu.

"Unaanzia masikioni, napata joto. Halafu kifua kinabana. Nikimsikia amemtuliza mtu niliyeshindwa mimi, nataka kuingia nimtafutie kosa. Zamani ningelipata. Sasa natafuta ukuta."

Ukuta ni ule wa korido. Nne ndani, sita nje, mpaka masikio yapoe. Siku nyingine ni mara tano tu. Siku ya jina la kumi na tatu, anasema, alisimama pale mpaka mlinzi akamletea kiti.

Kisukuma sasa anajifunza sawasawa, kwa Milembe mwenyewe, wakati wa chai. Ile picha ya mishale ameibandua. Na ombi lake kwa Dk. Hemed ni kwamba kila mkunga mpya atakayepangiwa kituo hicho akae wiki yake ya kwanza upande mmoja wa kitanda, Milembe akiwa upande wa pili, kabla hajaruhusiwa kumwambia mzazi neno lolote.

Lakini mpango ulio karibu zaidi anao tumboni. Miaka minne iliyopita alipoteza mimba ya miezi mitano, na hii aliyonayo hakuitaja kwa mtu mpaka ilipoonekana yenyewe. Mama yake ameshaandaa chumba Muleba, kama ilivyo desturi ya binti kurudi nyumbani kwa mtoto wa kwanza. Wiki iliyopita Joyceline alimpigia simu na kumwambia haji.

"Mama alilia. Aliniuliza huko Usukumani una nani. Nikashindwa kumwambia nina mfagiaji ninayemwonea wivu." Anajifuta jicho kwa mgongo wa mkono. "Ninaogopa, kaka. Mimi ninayeshinda nawaambia wenzangu msiogope. Siku yangu ikifika nataka nikitazama pembeni nimwone mtu ambaye pumzi yangu itamfuata. Nimetafuta mkoa mzima. Ni yeye."

Alimwomba Milembe palepale kwenye makaro ya kufulia. Alimpa sharti moja, na analirudia sasa mbele ya mwenyewe, kidole juu, ili liingie gazetini.

"Mkono atanishika. Jina asahau. Huyu hataitwa Milembe, hata akizaliwa anacheka."

Milembe anatafuna mchembe wake taratibu mpaka uishe.

"Sawa, sista," anasema. "Na mimi nina sharti langu. Siku hiyo ukiambiwa sukuma, usije ukatafuta kaskazini."

Joyceline anacheka mpaka anashikilia tumbo. Kicheko hakijaisha, geti linafunguliwa. Bodaboda inaingia, na mwanamke kijana anateremshwa, ameinama, jasho linamtiririka, anahema harakaharaka. Hamtazami mkunga mwenye sare nyeupe aliyesimama mbele yake. Anaangaza huku na huku.

"Mayu Milembe yuko wapi?"

Joyceline anafumba macho. Nne ndani. Sita nje. Anayafumbua, anamshika yule mwanamke mkono.

"Anakuja, ng'wana wane, mwanangu," anamwambia. "Ngoja tupumue kwanza, mimi na wewe."